Kelele Hukaa na Sikio Lake

Liuli, 12 Mei 2024

Mwanangu Vitalia,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua zako hutembea kama kinyonga, kwa hiyo naitikia kabisa nikiwa na pumzi. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linaninung'unikia nikipanda ngazi za kanisa. Mama yako kule Maguu naye ni mzima. Kahawa yake mwaka huu imebeba mpaka matawi yanapiga magoti, na bado analalamika, basi ujue hali yake ni njema. Baba yako mkubwa Baltazar ni yuleyule, mwenyekiti wa kila kitu, harusi, misiba na mbuzi waliopotea. Huku ziwani usipa, dagaa wetu, wamejaa mpaka paka wa Liuli wanachagua.

Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko Afrika Kusini. Nawaambia mtoto wa marehemu kaka yangu anasikiliza redio. Wananijibu, hata sisi. Jirani yangu Devotha ameiona ile picha ya madishi uliyoniletea, akasema kama madishi makubwa namna hiyo ni ya kuangalia mpira, basi kuna watu wana starehe. Niandikie vizuri nipate cha kumjibu. Kushindwa na mke wa mvuvi mbele ya watu si jambo dogo.

Sikukuu ya Kupaa tuliimba vizuri sana. Ninyi Wakatoliki wa milimani mna nguvu ya mapafu, sisi Waanglikana wa huku tuna sauti. Tangu nilipoolewa huku nimeujua ukweli huo, ila sikuwahi kuusema mbele ya Baltazar.

Mdogo wako Florian alivuka kwenda ng'ambo ya ziwa na Joakim, mtoto wa Devotha, kumfungia mtu injini ya boti. Hajarudi. Usianze kuwaza.

Nakuombea kila siku, hata siku ambazo sina la kuomba.

Shangazi yako,
Benadetha


Kituoni, Afrika Kusini, 3 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, maana ile uliyoiitikia ilikuwa ya mkopo. Mimi sijambo. Hapa baridi imeanza, upepo unapuliza vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Chakula ni nyama ya kondoo Jumatatu hadi Jumapili. Juzi niliota ugali na samaki mbasa wa kuchoma, nikaamka nimekasirika.

Mwambie mama Joakim kwamba mpira hatuangalii. Na kama atauliza kwa nini sipigi simu, mwambie huku simu hairuhusiwi. Unaiacha getini kama kiatu msikitini. Hata jiko la umeme la kupashia chakula limefungiwa ndani ya chumba cha chuma, kwa sababu tunachokisikiliza ni hafifu mno, na simu moja iliyowashwa ingekuwa kama mtu anayepiga ngoma karibu na mgonjwa anayenong'ona. Mjini tunakwenda mara chache. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikupigia, simu yako haikupatikana. Bila shaka ilikuwa imenasa tena mnara wa Malawi.

Tunachosikiliza ni hiki. Mbali sana kuna galaksi, yaani kundi la nyota nyingi kupita hesabu. Katikati yake kuna kitu kizito kisichoonekana kabisa, shimo jeusi. Chochote kinachokaribia kuangukia humo kinasuguana, kinaunguzwa, kinapiga kelele ya mawimbi ya redio, na mawimbi hayo ndiyo yanayotufikia. Kwa hiyo shimo lenyewe hatulioni. Tunasikia vinavyolizunguka. Mahali penyewe ni padogo sana kwa macho ya huku, nukta tu, na nukta hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka mitatu sasa.

Na wiki tatu hizi, Shangazi, nukta imeanza kuongeza sauti. Kila tukiitazama imepanda. Mkuu wetu, Dokta Ndlela, anatembea korido nzima akipiga miluzi. Anataka tuitangazie dunia. Mimi sijalala vizuri, kwa furaha na kwa hofu vyote pamoja.

Lakini barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko vipimo vyangu. Umeandika mistari mingi juu ya paka na kwaya, na sentensi tatu juu ya Florian. Nakufahamu. Jambo likiwa dogo unalisimulia mpaka tunasinzia. Florian akifika mahali anabipu mara moja. Akianza kurudi anabipu mara mbili, nawe unainjika sufuria. Safari hii alibipu mara ngapi?

Mwanao,
Vitalia


Liuli, 24 Juni 2024

Vitalia mwanangu,

Salamu zetu zote. Goti halijambo, na leo sitakuambia habari za paka.

Alibipu mara mbili. Nikainjika sufuria, nikasonga ugali, nikaufunika. Asubuhi niliwapa kuku.

Upepo wa mwera ulikuwa umeamka siku ile. Boti ilikutwa imepinduka upande wa Msumbiji, tumbo juu. Joakim alitolewa na maji siku chache baadaye, tukamzika hapa kanisani. Mama yako alishuka kutoka Maguu akamzika pamoja nasi, akamshika Devotha mkono tangu nyumbani mpaka kaburini, na hakulia. Florian hajaonekana. Tulitoa taarifa, watu wakatafuta ufuko mzima, wavuvi wakauliza mpaka kisiwa cha Likoma. Hakuna. Sikukuandikia mwanzoni kwa sababu nilidhani nitakuandikia akiwa amekaa hapa jikoni ananicheka.

Na kuna lingine. Injini ya boti waliyopanda, Florian aliiunda mwenyewe kutoka kwa injini mbili mbovu, unamjua na mikono yake. Kaka yake Joakim aliapa juu ya kaburi kwamba injini hiyo ndiyo imeua, na kwamba Florian akijitokeza mahali popote, ng'ambo hii au ile, atamzamisha ziwani kwa mkono wake. Maneno hayo yamevuka maji haraka kuliko boti yoyote.

Huko Maguu wazee wamekaa sengu, baraza zima la ukoo. Wamekula pamoja kama kawaida, na chakula kilipokwisha Baltazar akasema haifai mtu kubaki hewani, si hai si marehemu. Wanataka kuzika mgomba badala yake. Unajua maana yake: mgomba ukishafukiwa, mtu huyo amekufa. Nguo zake zinagawiwa, mahali pake kwenye sengu panazibwa, na hata akija kesho, hakuna wa kumfungulia mlango, maana mfu hapigi hodi. Mama yako alikubali kwa kuinamisha kichwa. Mimi nilikataa, na wakaniambia kwa adabu kwamba kijana alikuwa anakaa kwangu. Mwanangu, walisema kwa adabu, ndiyo maana iliuma zaidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu Jumapili iliyofuata maziko ya Joakim, kila Jumapili magharibi, nikitoka kanisani, simu yangu inalia. Kioo hakionyeshi namba. Nikipokea, hakuna anayesema. Kuna kelele tu, kama mafuta yaliyowekwa kaangoni kabla ya samaki. Nauliza, nani? Nani mwenzangu? Inakatika. Fundi wa simu hapa anasema ni mtandao wa Malawi unaogongana na wetu. Inawezekana. Lakini kwa nini Jumapili?

Wewe ndiye uliyesomea kelele. Niambie hii ni nini. Na usinipigie simu hata ukienda mjini. Nataka laini iwe wazi.

Hukuandika kama unakuja. Sikuulizi.

Shangazi yako,
Benadetha


Kituoni, 14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nimeacha, nimekaa kukuandikia. Mpe mama Joakim pole yangu, umshike mkono kwa niaba yangu. Joakim alinibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na viatu vipya, na sikumshukuru.

Sijasema nakuja kwa sababu sijui la kusema. Nukta bado inapanda. Nikiondoka sasa, hakuna mwingine anayeifuata kwa karibu, na Dokta ananiambia nafasi kama hii mtu huipata mara moja. Nachukia kuandika sentensi hiyo chini ya zile zako.

Umeniuliza kelele hiyo ni nini. Nitakujibu kama ninavyojibu kazini, usinione sina moyo.

Sikio moja halitoshi. Madishi yetu yakisikia kitu, hatuna hakika kama kimetoka angani au kimezaliwa ndani ya nyaya zetu wenyewe. Kwa hiyo tunawauliza wenzetu wa nchi nyingine, mbali sana, wenye madishi yao: na ninyi mmesikia? Kelele hukaa na sikio lake. Ikiwa imezaliwa hapa, wa kule hawaisikii. Ikiwa kweli ina chanzo, tutaisikia wote, na nyakati zetu zitalingana. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Dokta, tusitangaze mpaka wenzetu watujibu. Hapigi tena miluzi akiniona.

Simu yako ni sikio moja. Tena Liuli ni sikio baya, usinikasirikie, linanasa kila kitu kinachopita juu ya maji. Lakini mama yuko Maguu, juu milimani, mnara wake ni mwingine kabisa. Na Florian anajua namba mbili tu kwa kichwa, yako na ya mama. Nilimcheka sana kwa hilo. Mtu aliyekosea namba anaweza kukosea yako. Mtandao unaweza kuchanganya yako. Lakini hakuna ajali inayoweza kukosea yako na ya mama, kila Jumapili, saa moja.

Muulize mama kama simu yake inalia.

Naogopa kukupa njia hii, kwa sababu ikisema hapana, ni hapana. Lakini ikisema ndiyo, Shangazi, hakuna mzee wa sengu anayeweza kubishana nayo. Wasizike chochote kabla hujamuuliza.

Vitalia


Liuli, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, nikaianika na usipa. Devotha ameshukuru kwa pole. Siku hizi tunakaa pamoja jioni. Mwanawe mkubwa hapiti tena mbele ya nyumba yangu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpigia mama yako, nikazunguka kwanza kwenye kahawa na mvua, kisha nikamuuliza, "Wifi, simu yako huwa inalia Jumapili jioni, halafu mtu hasemi?"

Nikamsikia, mwanangu, anafunga mlango. Kisha akasema, "Wifi, acha." Akakata.

Nilimpigia tena kesho yake, akapokea mtoto wa jirani, akasema mama yuko shambani, kwenye mashimo ya ngolo, anapanda maharage. Nani anapanda maharage mwezi wa nane, na mvua iko wapi? Nimekasirika naye mpaka nimekosa usingizi. Kama hajaisikia, si aseme hajaisikia? Tumekuwa mawifi tangu kabla hujazaliwa, tumegombana juu ya kila kitu duniani, hajawahi kuniambia acha.

Siku imewekwa. Ni Jumapili ya tarehe ishirini na tano, baada ya Misa, ili hata watu wa Mkumbi na Kitura waweze kufika. Mgomba utakatwa asubuhi. Na unajua nani anapaswa kuufunga sanda: shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, hakuna mwingine. Bila mkono wangu mgomba ule ni chakula cha ng'ombe tu. Baltazar amenitumia nauli na shuka jeupe kwenye mfuko mmoja. Shuka lenyewe ni zuri. Nililitazama, nikatamani kulichana.

Jumapili hii pia imelia. Nimeiweka sikioni, sikuuliza nani. Nilisikiliza tu. Ni kelele ileile. Lakini niliona kama kelele nayo inanisikiliza. Labda ni uzee. Niambie ukweli: kama simu ya mama yako Luisa haijalia, mimi ni mjinga anayezuia maziko ya mtoto wa kaka yake?

Nijibu upesi.

Benadetha


Kituoni, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Clemence, mwenzangu wa Songea tunayesoma naye. Anasafiri kesho, ameahidi kufika Liuli kabla ya mwisho wa wiki hata kwa bodaboda. Mpe chai, halafu usimuulize ataoa lini.

Majibu ya wenzetu yamekuja. Hawakusikia kitu. Nukta yao imetulia vilevile kama mwaka jana. Tukarudi kwenye vyombo vyetu, tukakuta mtambo unaopoza vipokeo ulikuwa unachoka kidogokidogo, navyo vikipata joto vinaongeza mngurumo wao wenyewe. Tulikuwa tunapima homa yetu, tukidhani ni habari ya mbinguni. Dokta alinishukuru mbele ya wote kwa kumzuia asijiaibishe, kisha akaenda kulala mchana. Mimi nilikaa nje kwenye vumbi. Kwa ajili ya homa ya mtambo sikuja kumtafuta mdogo wangu. Nimeomba ruhusa sasa, nimepewa kuanzia tarehe mbili Septemba. Nitakuwa nimechelewa maziko, na sitajisamehe.

Kwa hiyo nimeona njia ile inavyouma ikisema hapana. Bado nakuambia iamini.

Hujajibiwa hapana, Shangazi. Wenzetu walituandikia wazi, hatukusikia. Mama hajasema hakusikia. Amesema acha. Mtu asiyesikia kitu hana cha kukuambia uache. Usimuulize tena kwa simu. Nenda Maguu na simu yako, ukae naye chumba kimoja Jumapili mpaka magharibi. Yaweke masikio mawili mahali pamoja, mbali na ziwa.

Na jambo moja zaidi, hili si la kitaalamu. Ile galaksi haiwezi kunisikia hata nikipiga kelele mpaka nife. Mawimbi ninayoyapokea leo yaliondoka huko kabla binadamu hajakuwapo. Lakini anayekupigia wewe, kama ni mtu, ana sikio. Umekuwa ukimuuliza nani. Pengine hawezi kusema yeye ni nani, kwa sababu anaogopa jibu letu. Mwambie yeye kitu.

Naomba Clemence afike.

Vitalia


Maguu, 26 Agosti 2024

Vitalia, Vitalia wangu,

Marahaba, marahaba. Clemence alifika Ijumaa, amechafuka mpaka kope, kijana mzuri. Sikumuuliza ataoa lini. Nilimuuliza kwa nini hajaoa.

Nilipanda kuja Maguu na Devotha. Nilimwambia abaki, akasema Luisa alimshika mkono siku ya Joakim, naye atamshika wake. Tulifika Jumamosi. Mama yako alinipokea vizuri, akanipa maji ya kuoga, hakunitazama usoni.

Jumapili baada ya Misa watu walijaa uani. Mgomba ulikuwa tayari umelazwa juu ya mkeka, umekatwa kwa urefu wake Florian. Nilipouona moyo ulinipasuka, mwanangu, nakuambia wazi. Baltazar akanitaka nitoe lile shuka, akasema, "Dada, tufungie mtoto wetu."

Nikalitoa. Nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya mgomba, nikalikalia.

Watu wakaguna. Baltazar akasema, "Benadetha, inuka."

Nikamwambia, "Kaka, goti."

"Goti gani? Inuka, jua linakwenda."

"Ndilo ninalolisubiri liende. Likizama nitafunga. Kama nimewahi kukuomba kitu tangu nilipoolewa, kitaje."

Alifikiri, hakukipata. Lakini wazee walikasirika. Mmoja akasema nimeletwa na watu wa ziwani kuvuruga. Mwingine akasema sengu haisubiri goti la mwanamke. Nikawajibu basi wafunge wao, tuone kama mababu watapokea mgomba uliofungwa na mkono usio wa shangazi. Hapo walirudi kwenye mikeka yao. Chakula kikaletwa, wakala, mimi sikula. Utomvu ulipenya shuka na gauni mpaka ukanigusa. Simu yangu ilikuwa mkononi, jasho limeilowesha. Kila mtoto aliyelia niliruka. Jua likashuka nyuma ya kilima, na simu haikulia, na nikaanza kufikiri kwamba nimewaaibisha wote kwa ajili ya mtandao wa Malawi. Baltazar akaja akasimama mbele yangu. Akanionyesha kilima. Nikaweka mkono chini ili niinuke.

Ikalia. Si yangu.

Ililia kwenye khanga ya mama yako, kwenye fundo la kiunoni. Uwanja mzima ukageuka. Luisa akasimama kama mwizi. Nikamwambia, "Wifi, pokea." Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Luisa, pokea mbele yetu sote." Akafungua fundo, akaiweka sikioni, na badala ya kusema haloo akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema..." Akaisali yote, sauti ya chini, macho yamefumba. Ikakatika katikati ya ile ya pili.

Na kabla hajaishusha, yangu ikalia.

Kioo hakikuonyesha namba. Nikaipokea, nikaibonyeza sauti itoke nje, wakasikia wote ile kelele ya kaango. Baltazar akavua kofia.

Ndipo Luisa akalia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Akasema, "Inanipigia mimi kwanza, kila Jumapili. Nilidhani ni marehemu anaomba sala, ndiyo maana namsomea Rozari. Ningewaambia mngesema nimerukwa. Nilikubali mgomba ili apumzike aache kupiga."

Unaona mambo yetu? Masikio mawili yanasikia kitu kimoja, na kila moja linajificha kwa mwenzake. Na mimi nilikwambia wewe nchi ya mbali, yeye hapa jirani sikumwambia kwa miezi miwili!

Nikakumbuka maneno yako. Lakini kabla sijafungua mdomo, Devotha alikuwa ameichukua simu mkononi mwangu. Alisema hivi, nayaandika kama yalivyokuwa:

"Florian. Mimi mama Joakim. Mwanangu nimemzika. Nimemwona uso, nimemfunika mwenyewe. Huyu mama yako hapa wanampa mgomba azike. Usimfanyie mwenzangu hivyo. Mwera ndio ulimchukua Joakim, siyo injini, siyo wewe. Na kaka yake nimemwambia, akikugusa asiniite tena mama. Usinipigie kelele hizo, baba. Rudi nyumbani."

Kelele iliendelea. Halafu ndani yake kikatoka kitu kifupi, kama mtu anayevuta kamasi. Ikakatika.

Baltazar alivaa kofia yake, akaivua tena, kisha akawaambia vijana watoe ule mgomba uani. Ng'ombe wa jirani wameula leo asubuhi. Shuka nimelifua, utomvu hautoki, nitalitumia jikoni.

Sasa ni Jumatatu jioni, tumekaa, Luisa, Devotha na mimi, simu mbili mezani katikati ya vikombe. Hakuna anayejua yuko wapi, wala ana hali gani, wala kama ameyaamini maneno ya Devotha. Njoo tarehe mbili kama ulivyosema. Pole kwa nukta yako. Ungetangaza ungekuwa mkubwa kwa wiki moja, na mimi nisingekuwa na cha kukaa nacho juu ya mgomba.

Nilikuwa nafunga bahasha, nimeifungua tena. Simu yangu imelia mara mbili, ikakatika. Tumeitazama ya mama yako. Imelia mara mbili, ikakatika.

Mara ya mwisho alipobipu hivyo niliwapa kuku ugali wangu, najua, usinikumbushe. Devotha anachochea moto. Luisa ameinjika sufuria kubwa.

Shangazi yako,
Benadetha